Mwaka Tuliopewa Ufunguo wa Maji

Nikisikia maji yakipita mahali nisipoyaona, nyuma ya ukuta au chini ya majani, akili yangu hurudi moja kwa moja nyuma ya jiko la Mukaka. Mukaka ni bibi yangu, mama wa baba. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Jiko lake lilisimama kwenye mteremko juu ya mji wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na hatua tano nyuma yake ulipita mfereji. Ulikuwa mwembamba, mtoto wa darasa la tatu angeuruka bila kukimbia, lakini sauti yake ilizidi umbo lake. Asubuhi ulianza kwa mkoromo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya sala, halafu ukatulia ukawa mnong'ono, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia jikoni ikachanganyika na moshi na muhogo uliovundikwa. Baba yake Mukaka alikuwa mmoja wa waliouchimba, enzi za wakoloni, kwa jembe mkononi na kiboko mgongoni, ili maji yafike kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Mzungu aliondoka. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, watu wakacheza ngoma hadi wakakauka koo. Lango la mfereji halikubadilika. Shamba lilinunuliwa na kampuni, kampuni ikaliuza kwa kampuni nyingine, mameneja walikaa Kasese mjini, na ufunguo wa lango ukabaki kiunoni mwa mlinzi wao. Sisi tulipewa maji Jumamosi, toka asubuhi hadi saa sita. Siku nyingine yalipita nyuma ya jiko letu kama mgeni asiyebisha hodi, na kuyachota hata kwa kikombe kulikuwa kosa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la saba, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba hata leo naona aibu kuieleza. Kwetu jina linasema nafasi yako katika mstari wa kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mimi ni Kabugho. Dada zangu wawili walikwisha kusema yote yaliyohitaji kusemwa nyumbani kabla mimi sijafika. Kila asubuhi kabla ya shule nilitumwa mtoni kuchota maji, na njia ilipita palepale penye lango. Hapo ndipo palikuwa na shida yangu, kwa sababu palikuwa na Afande. Alikuwa mlinzi wa lango, mwanajeshi wa zamani, mrefu, kavu, masharubu meupe, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kumpita mtu mzima bila kumsalimia ni utovu wa adabu, hilo nililijua tangu nikinyonya. Lakini kumsalimia Afande kulinishinda. Basi nilitafuta njia ya katikati: nilijificha kwenye matete mpaka amalize kazi yake aondoke. Katika hesabu za mtoto mwenye haya, kujificha hakukuwa kosa, kwa kuwa aliyejificha hajapita.

Kusubiri kulichosha, kwa hiyo nilianza kubeba daftari. Niliandika yote niliyoona na mengi niliyofikiri, ambayo sikukusudia mtu ayasome mpaka nife. Katikati ya mambo yangu niliandika ya Afande, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele ya macho. Lango lilikuwa bamba la chuma lililopandishwa kwa gurudumu lenye kufuli, naye aliligeuza huku akihesabu kwa sauti ya gwaride. Nami niliandika: “Jumatatu. Mlima unaonekana wote hadi theluji. Maji meupe. Amezungusha mara sita. Suruali imelowa hadi magotini.” Au: “Alhamisi. Wingu limekaa juu ya mlima tangu jana. Maji rangi ya chai. Mara mbili tu. Suruali imelowa hadi magotini. Nimeota nimeimba kanisani na watu wote wakageuka.” Nilijaza madaftari matatu hivyo, miaka miwili na zaidi. Sikuwa na kusudi lolote. Wengine hutafuna kucha.

Mwaka huohuo tulipata mwalimu mpya. Aliitwa Mwalimu Kambale, alikimbia vita kule Butembo, Kongo, akavuka mpaka pale Mpondwe akiwa na mke, watoto wanne na begi la vitabu vya Kifaransa. Siku ya kwanza alituandikia jina lake ubaoni akasema, “Kwenu munasema Bwambale, kwetu Kambale. Mutoto ni ule ule wa pili. Mupaka ilikata mulima, haikukata tumbo ya mama.” Tulicheka, tukampenda. Alipaswa kufundisha kwa Kiingereza, lakini akiona macho yetu yamepotea aligeukia Kiswahili chake cha Kongo, na kwa kweli Kiswahili changu kilianzia kinywani mwake. Somo lake lililonikaa ni la mfereji wa Suez. Alichora Misri kwa chaki, kisha akachora mstari mmoja uliounganisha bahari mbili, akatueleza kwamba Wamisri waliuchimba kwa kulazimishwa, wengi wakafa, halafu faida ikaenda kwa wageni. Nchi ikaambiwa imepata uhuru, lakini askari wa kigeni wakabaki kando ya mfereji, na meli za dunia nzima zikapita mlangoni mwa Wamisri bila wao kuulizwa. “Muangalie vizuri,” alisema. “Kanali, ni kusema mufereji, iko mu inchi yao. Funguo iko mu mufuko ya bengine. Hiyo ni uhuru ya namna gani?” Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alirudi chini ya ubao akachora mto wetu, akaupeleka hadi mto Lhubiriha, kutoka hapo akaupeleka ziwani, akapita Semliki, akashika Nile, akapanda nayo mpaka Misri, na kutoka Nile akavuta mstari mwembamba hadi miji ya kando ya Suez. Akasema wale wachimbaji walikunywa maji ya Nile, na ndani ya Nile kuna maji ya mlima wetu. Mimi niliwaza juu ya ndoo yangu.

Muda si mrefu baadaye kampuni ilifunga shamba. Kahawa ilikuwa imezeeka na wenyewe walichoka nayo. Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano kwenye uwanja wa kanisa, akatangaza kwamba lango litakabidhiwa kwetu, na wanawake walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. Kisha akasoma sharti. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Kasese aliyetaka kukodi mfereji wote kwa ajili ya shamba lake jipya la chini. Wakubwa wa wilaya walisema: kijiji kijaribu hadi maharage yakomae, kikishindwa kuyaongoza maji bila kuharibu, lango litakwenda kwa tajiri. Nilimtazama Mukaka. Alikuwa amepanda maharage na vitunguu katika shamba lote kwa kutumaini maji hayo, na ada yangu ya sekondari ilikuwa ndani ya shamba hilo. Dada zangu wote wawili waliishia darasa la saba. Alikwisha kusema mbele ya watu kwamba Kabugho hataishia hapo, na Mukaka hakuwa mtu wa kurudisha neno mdomoni.

Siku ya makabidhiano Afande alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alitoa ufunguo kiunoni akamkabidhi mwenyekiti. Hakuna aliyemshukuru. Watu walikuwa wanacheka, wanapigana mabega, wengine wakimtania kwamba sasa atakwenda kulinda kuku wa mkewe. Mwenyekiti alimwuliza, kama mtu anayeuliza saa, lango linafunguliwaje. Afande aliuonyesha ufunguo kwa kidole. “Funguo ni hii,” alisema. “Maji mutajua wenyewe.” Akageuka akashuka, mgongo umenyooka. Watu walimzomea, wakasema ana roho mbaya. Na mimi nilisema hivyo moyoni.

Lango lilikuwa limekaa siku nne bila kuguswa. Asubuhi iliyofuata wanaume wanane walikwenda kulifungua kwa shangwe, wakalipandisha hadi mwisho kwa sababu mwenye mali haipimi. Nilikuwa jikoni. Sikusikia mkoromo, nilisikia kishindo. Maji yalikuja yamejaa kingo, yakaruka kona ya kwanza, yakaingia kwa shangazi Biira, dada yake baba, yakang'oa mihogo yake na kuiviringisha hadi barabarani. Walipofanikiwa kufunga, ukingo ulikuwa umetoboka mahali pawili. Jioni habari ilikwisha kufika Bwera mjini, na inasemekana mtu wa tajiri alicheka akasema hawa ni watu wa ndoo, mfereji watauwezea wapi. Tulishinda siku tatu tukiziba ukingo kwa udongo na mawe, shule ikaruhusiwa kusaidia, na maharage ya Mukaka yakaanza kujikunja majani kama mikono ya mtu anayeomba.

Tuliporudi darasani Mwalimu Kambale alikuwa bado ana matope kwenye kola. Hakufungua kitabu. Alituambia sehemu ya Suez aliyokuwa hajaisema: kwamba rais wa Misri alipotangaza kuwa mfereji ni wa nchi yake, mabaharia wa kigeni waliokuwa wakiongoza meli humo wengi wao waliacha kazi wakaondoka, na dunia ikakaa kusubiri Wamisri waaibike. Wamisri wachache waliojua kazi walifanya kazi bila kupumzika huku wakifundisha wengine, na meli zikapita. Baadaye ilikuja vita, ndege zikapiga, mfereji ukaziba kwa meli zilizozamishwa, waliovamia wakaondoka, na mfereji ukazibuliwa ukiwa mikononi mwa wenyewe. Akasema Waswahili wa pwani wana methali, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. “Kazi iko na siri yake,” alisema. “Mwenye siri akienda, mutafute mutu mwenye aliangalia.” Nilihisi masikio yangu yanawaka moto. Nilikaa juu ya mikono yangu hadi kengele ikalia.

Nilimwambia Mukaka usiku huohuo? Hapana. Napenda kusema ukweli: nilikaa siku mbili nzima. Nilifikiria kurarua kurasa za maji tu, lakini nilikuwa nimechanganya vyote, mizunguko ya gurudumu na siri zangu, katika mistari ileile kama mchele na pumba. Siku ya tatu nilimkuta Mukaka shambani amechuchumaa, akimwagilia mche mmoja mmoja kwa kikombe cha chai. Nikaweka madaftari miguuni pake, nikasema yote nikitazama chini. Hakujua kusoma. Aliyapapasa majalada kama anavyopapasa kichwa cha mtoto mwenye homa, kisha akaniuliza swali moja tu: kuna nani mwingine anayeweza kuyasoma? Nikasema hakuna. Akasema, basi utayasoma wewe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akaongeza, ingawa aliyeinama wakati huo alikuwa yeye.

Mkutano ulikuwa palepale uwanja wa kanisa. Nilisimama, nikafungua, nikaficha uso nyuma ya daftari. Mtu nyuma alisema mtoto wa watu atazimia, mpeni kiti. Nikaanza. Nilisoma haraka, nikiruka yangu, “Jumatatu, maji meupe, mara sita,” na wanaume wakaanza kusogea karibu mmoja mmoja. Mwenyekiti alitoa kalamu. Nilikuwa nimeanza kupata pumzi wakati shangazi Biira, aliyekuwa amesimama begani kwangu akifuata kwa kidole, alisema kwa sauti, “Mbona mstari huu umeuruka?” Akausoma yeye: “Shangazi Biira anapika maharage kama anayaadhibu.” Uwanja wote ulipasuka kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze na daftari langu. Shangazi alisubiri kicheko kiishe, akanitazama, akasema, “Mihogo yangu imekwenda na maji, sasa na maharage yangu unayachukua. Soma, mwanangu. Soma yote.” Nikasoma yote. Karibu yote. Kuna mstari kuhusu kijana mmoja wa kwaya ambao hadi leo unajulikana na mimi na Mungu.

Kesho yake maji yalikuwa ya rangi ya chai. Kwa mujibu wa daftari, mara mbili. Mwenyekiti aligeuza mara mbili, watu wamejipanga kando ya mfereji na majembe. Maji yalipita kona ya kwanza vizuri, tukaanza kushangilia, lakini yakazidi kupanda, yakafika mdomo wa ukingo, pale palipozibwa pakaanza kulia machozi. Wakafunga upesi. Hakuna aliyenilaumu, ila niliona mtu mmoja akikunja karatasi aliyoandikia akaitia mfukoni bila kuitazama. Nilikuwa na namba sahihi na bado zilikuwa uongo. Ndipo Mukaka, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akisubiri, akaniambia nisome tena siku moja, yoyote, polepole, nisiruke hata neno. Nikasoma. Nilipofika “suruali imelowa hadi magotini” alinyanyua mkono. Akaniuliza ni siku ngapi nimeandika hivyo. Nikafungua kurasa. Kila siku. Akaniuliza, alilowa kabla ya kufungua lango au baada? Nikafumba macho nikamwona akitokea: tayari amelowa. Mukaka akatazama gurudumu, lililokuwa juu, pakavu. “Mtu anayegeuza chuma kilicho kifuani halowi magoti,” alisema. “Alikuwa ametoka wapi?”

Tulipanda mto, kupita kona ambayo matete yangu hayakuwahi kunionyesha. Huko kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe uliokata mto ili maji yageuke kuelekea langoni, na katikati yake palikuwa na pengo, upana wa mlango. Pengo lilikuwa limeziba kabisa: magogo ya migomba, majani, mawe yaliyoviringishwa na mto usiku. Kwa kuwa pengo limeziba, mto wote ulikuwa umejaa nyuma ya ukuta ukisubiri lango lifunguliwe. Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Kila alfajiri, kabla mimi sijafika, Afande aliingia mtoni kwenye maji ya theluji, akaondoa takataka za usiku kwa mikono, akauachia mto njia yake, ndipo akaenda kuzungusha gurudumu. Wanaume waliingia, nao walipiga kelele kwa baridi, na shangazi Biira akawaita mabibi harusi. Pengo lilipofunguka, mto ulishuka kama mtu aliyetua mzigo. Mara mbili, alisema mwenyekiti, akageuza mara mbili. Maji yakakoroma. Yakanong'ona. Yakapita kona ya kwanza, yakapita kwa shangazi, na tukayafuata tukitembea kando yake kama watu wanaosindikiza bibi harusi, hadi yakaingia kwenye maharage ya Mukaka.

Ng'ambo ya bonde Afande alikuwa amesimama, mikono imekunjwa, anatazama. Watu wakaanza kumnyooshea vidole. Mukaka aliwaacha, akashuka akavuka, akanishika mkono mimi. Alimsalimia kwa jina. “Bwambale,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Alimsalimia taratibu, akauliza habari za mkewe, akauliza za watoto, akauliza mgongo wake unamwumaje kwa yale maji baridi ya miaka yote. Masharubu yake yakatikisika kidogo. Halafu akauliza nani aliyetuambia habari za pengo, na Mukaka akanisukuma mbele na madaftari yangu. Alifungua moja, akasoma midomo ikicheza, ukurasa baada ya ukurasa. “Miaka mingi,” alisema, “nilifikiri hakuna mutu ananiona.” Kisha akanitazama, si kwa ukali. “Wewe. Ulikuwa hapo kila siku. Kwa nini hukusalimu? Ningekuonyesha.”

Niliinamisha kichwa, nikasema shikamoo, miaka miwili na zaidi ikiwa imechelewa. Alicheka, akasema marahaba, akasema kesho saa kumi na mbili kamili, na nivae kitu kinachoweza kulowa. Maharage yalikomaa. Wakubwa wa wilaya walikuja, wakatembea kando ya mfereji na viatu vyao vizuri, wakatoka navyo vikavu, na yule tajiri akatafuta maji mahali pengine.

Sasa niko sekondari Kasese, kidato cha sita, nalala bwenini. Hapa maji yapo kwenye bomba. Unafungua na hujui nani amelowa kwa ajili yako. Bado nina aibu, sitaki kudanganya, lakini mlinzi wa geti letu namsalimia kwa jina, na mpishi pia, na yule mama anayefagia bweni, ingawa kila mara moyo hunidunda. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, husema wazee. Mimi ningeongeza kwamba hata kuuliza huanza na salamu. Mwalimu Kambale bado anafundisha, na kila mwaka anachora Suez, kisha anachora mto wetu chini yake. Mfereji una matatizo yake. Kuna ugomvi wa zamu, kuna majirani wanaotoboa ukingo kwa siri, na safari moja mwenyekiti alipoteza ufunguo wiki nzima, tukautafuta hadi kwenye matumbo ya mbuzi. Lakini ugomvi ni wetu na ufunguo ulipatikana. Afande, yaani mzee Bwambale, amezeeka, haingii tena mtoni. Hukaa juu ya jiwe na fimbo yake akifundisha wenye zamu, na anapenda kuwakaripia. Langoni kuna daftari kubwa lililofungwa kwa kamba, na kila mwenye zamu huandika. Likizo hii zamu ya Jumatano ilikuwa yangu. Vidole vyangu vilikuwa bado na ganzi ya baridi, lakini nadhani panasomeka: “Mlima unaonekana wote hadi theluji. Maji meupe. Mara sita. Nimelowa hadi magotini. Kabugho.”